Karani wa akina mama wa Gikondi

Mwisho wa mwezi, vibanda vya M-Pesa vya Mwihoko huwa na shughuli nyingi. Wadi hii ya Ruiru, pembeni mwa Githurai, imejaa watu waliotoka Murang'a, Nyeri na kwingineko kutafuta riziki. Mshahara ukiingia, kitu kidogo hurudi kwa mama kule mashambani, na ujumbe wa salamu hufuata. Hakuna anayehitaji karani.

Miaka 100 iliyopita alihitajika. Kule Gikondi, Mukurwe-ini, katika Nyeri, mama aliyetaka kumjulia hali mwanawe aliyepotelea Nairobi alikwenda misheni kumtafuta mtawa mmoja Mwitaliano aliyezoea kuvuka mabonde na mabuti makubwa miguuni. Mtawa alisikiliza, akaandika. Jibu likija, yeye ndiye aliyemsomea mama.

Mtawa huyo ni Irene Stefani. Wakatoliki wengi wa Kenya wanalijua jina lake kwa Misa ya tarehe 23 Mei 2015 huko Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alipomtangaza Mwenyeheri, mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Wanaujua pia muujiza wa Nipepe, Msumbiji, Januari 1989: waumini waliojificha kanisani vitani walimwomba Irene, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Hayo yamehubiriwa vya kutosha. Lakini ukiyasoma maisha yake polepole, kinachokataa kutoka akilini ni zile barua.

Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akaitwa Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na Masista wa Consolata, shirika lililoanzishwa na Padre Giuseppe Allamano mwaka mmoja tu kabla. Januari 1915 alishuka melini Mombasa. Vita Kuu ilikuwa imeanza, na badala ya shule alikabidhiwa wagonjwa: wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, kile kikosi cha Carrier Corps kilichouachia mtaa wa Kariokor, Nairobi, jina lake. Aliwauguza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, katika hospitali ambamo watu walikufa zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi.

Wasifu wake husema aliwabatiza takribani wapagazi 3,000 waliokuwa wakikata roho. Idadi hiyo hutajwa kwa fahari. Ni haki pia kuuliza wangapi kati yao walielewa kilichokuwa kikitendeka. Wengi wa waliolazwa mle walikuwa wamechukuliwa makwao kwa nguvu, na mkono uliowagusa kwa upole ulikuwa wa mwanamke huyu. Ridhaa ya mtu aliye katika hali hiyo inapimwaje?

Mwaka 1920 alitumwa Gikondi, na hakuhama tena.

Hapo ndipo barua zinapoanza. Vijana walikuwa wakiondoka kwa wingi. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu, na fedha taslimu hazikuota Mukurwe-ini. Mwanamume alining'iniza kipande cha utambulisho shingoni akashuka kusini. Reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913. Baadhi walichukuliwa na mashamba ya mkonge ya Thika na ya kahawa ya Ruiru, wengine wakafika mitaa ya Pangani na Pumwani jijini Nairobi, wengine Mombasa. Nyuma walibaki wazazi na wake wasiojua kusoma.

Irene alikuwa amejifunza Kikuyu. Alifundisha shuleni, alitembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na katikati ya hayo yote akawa mwandishi wa kijiji. Fikiria yaliyopita masikioni mwake: mahari iliyokwama, deni la mbuzi, mtoto aliyezaliwa baba akiwa mbali, mke anayeuliza kama ameachwa. Mwandishi wa barua husikia mambo ambayo hata padre hayasikii, kwa kuwa mtu huja kwake na shida bila kujiona ana dhambi. Naye hakuandika aliyoambiwa tu. Aliongeza nasaha zake, akimkumbusha kijana kusali na kutomsahau mama yake. Wanafunzi wake wa zamani aliwafuata kwa barua hadi mjini.

Je, akina mama walijua kila alichoongeza? Na Machi 1922, mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, wazazi wa Gikondi walimwomba Irene aandike nini? Alikuwa mzungu katika nchi iliyotawaliwa na wazungu, hata kama hakuwa Mwingereza. Upendo wake haulifuti hilo. Hata hivyo watu wale wale ndio waliompa jina la Nyaatha, mama mwenye huruma, na jina la namna hiyo kijiji hakimpi mgeni kwa adabu tu.

Oktoba 1930 tauni iliingia. Mwalimu mmoja aliugua, Irene akaenda kumhudumia ndani ya nyumba ambayo wengine waliiogopa, akaambukizwa. Alikufa tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39.

Leo mabaki yake yamo katika Kanisa Kuu la Mama wa Consolata, Nyeri, na mahujaji hupanda magari kutoka kote nchini kwenda kumwomba. Lakini barua alizoziandika kwa niaba ya wengine zilikwenda kwa wafanyakazi wa mashambani na wa mjini, na wajukuu wa watu hao ndio wanaoishi Mwihoko, Githurai, Ruiru na Thika. Kama babu yako alitoka Gikondi na aliacha sanduku la karatasi za miaka ya 1920, usilichome wakati wa kuhama nyumba. Lifungue. Ukikuta barua ya Kikuyu yenye mwandiko wa misheni, ipeleke parokiani au Makavazi ya Kitaifa, Nairobi.