Kibao cha Kukatia na Maji ya Mti

Kibao cha kukatia nyama na mboga ni chombo kidogo, lakini mtu atakaye kukichonga mwenyewe pale Somanda, mjini Bariadi, hana budi kwanza kufahamu jinsi mti unavyonywa maji na kuyatoa.

Shina ni mkusanyiko wa mirija myembamba ipandishayo maji kutoka mizizini. Mti ukatwapo mirija hiyo haitoweki. Mchuzi wa nyama mbichi hupenya humo humo. Mninga, unaosifiwa na maseremala wetu, hausinyai sana, ila vitundu vyake huonekana hata kwa macho. Mkwaju ni mgumu na mzito zaidi. Huko Thailand magogo yake hukatiwa nyama tangu zamani, ilhali sisi twaujua zaidi kwa ukwaju wake! Mnyaa wa uani usichongwe kamwe: utomvu wake huunguza ngozi na waweza kudhuru macho vibaya.

Ubao mbichi uanikwe kivulini. Juani upande wa nje husinyaa upesi kuliko wa ndani, ukapasuka. Tena mti husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake takriban mara mbili ya usinyaavyo kuelekea kiini. Ndiyo sababu mbao hupinda. Wanafunzi wanaweza kuupima ubao kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, umekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu.

Baada ya randa na msasa, ubao ulowanishwe kidogo ili nyuzi zisimame, ukauke, kisha usuguliwe tena. Ndipo upakwe mafuta ya alizeti, kidogo sana, na yaliyozidi yafutwe. Mafuta hayo hushika oksijeni ya hewa na kuganda polepole katika muda wa siku nyingi. Ya nazi hayagandi hivyo. Matambara yaliyotumika yaanikwe nje, kwani yakirundikwa huweza kupata joto hadi kuwaka. Oili chafu ya magari, ipakwayo mbao kuzuia mchwa, haina nafasi jikoni.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba bakteria waliowekwa juu ya vibao vya mti walizama ndani na hawakupatikana tena kwa urahisi, bali plastiki iliyochanjwa na kisu ilikuwa ngumu kusafishika kwa mkono. Hata hivyo, kibao cha nyama mbichi kisiwe ndicho cha kachumbari. Vyote vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, visimamishwe wima. Kilazwacho hukauka upande mmoja tu.