Gunia la viazi na intaneti iliyofungwa

Ndugu zetu wa Kibumba, X na TikTok zilipofungwa nchini Kongo Januari 2025, kwa nini simu fulani ziliendelea kuzifungua?

Zilipitia seva iliyo nje ya nchi. Ujumbe hufungwa kwa siri, ukavikwa sura ya ukurasa wa kawaida wa wavuti, kama barua ndani ya gunia la viazi: wa barieri huona gunia tu. Seva huitoa barua, huifikisha, hurudisha jibu.

Lakini mwenye seva huona mnakotoka na mnakokwenda. Ulizeni kwanza ni nani.

Tena, Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, intaneti yote ilikatwa karibu wiki 3. Barabara ikifungwa, hakuna gunia linalopita. Siku hizo tulitegemea redio.