Shahada ya Uhifadhi: Hesabu Kwanza, Tembo Baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vyuo hufungua dirisha la udahili, na kila mwaka wapo vijana wa tahasusi za PCB, CBG na CBA wanaojaza kozi za maliasili kwa sababu moja tu: wanapenda wanyama. Wengine wamekulia jirani na hifadhi, wengine mbuga wanaijua kwa televisheni. Si vibaya. Ila anayeingia darasani na sababu hiyo peke yake hushtuka mapema, maana semesta ya kwanza inampokea kwa takwimu, kemia, udongo, majina ya Kilatini ya mimea na uchumi. Tembo hayupo. Atamwona baadaye, pengine akiwa juu ya ndege ndogo, na hata hapo kazi yake itakuwa kumhesabu.

Majina ya shahada hizi ni mengi. Morogoro walianza kufundisha misitu kwa ngazi ya shahada mwaka 1973, wakati ule ikiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kikazaliwa pale mwaka 1984. Leo unaweza kusomea hapo misitu, usimamizi wa wanyamapori, mazingira, hata rasilimali za nyuki. Dar es Salaam ina sayansi ya wanyamapori na uhifadhi. Mweka, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro ili kuwaandaa maofisa wa wanyamapori wa nchi za Afrika zilizokuwa zikipata uhuru, nacho siku hizi kinatoa shahada. Tanzania ni miaka mitatu, Kenya minne. Mwombaji hupoteza muda mwingi akilinganisha majina hayo, wakati kinachofundishwa ndani yake kinafanana kuliko anavyodhani, na sehemu kubwa yake ni kupima.

Msitu haupimwi mti kwa mti. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ilikuta Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48.1 hivi, hakuna kikosi cha wapimaji kitakachoimaliza. Kinachofanyika ni kuchagua sehemu ndogondogo, yaani ploti, kwa utaratibu usiompa mpimaji nafasi ya kuchagua palipo na kivuli au karibu na barabara, kisha kupima kila mti uliomo. Ploti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15 ni ya kawaida. Mmoja anasimama katikati, mwingine anazunguka na utepe akipima unene wa kila shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mti ulioota kwenye mteremko hupimwa kutoka upande wa juu. Wenye mizizi mikubwa iliyotokeza ardhini hupimwa juu ya mizizi hiyo. Ulioko mpakani unaandikwa endapo kitovu cha shina lake kimo ndani ya duara, vinginevyo unaachwa, hata kama ni mninga mzuri kiasi gani.

Mwanafunzi aliyeungua jua tangu asubuhi huona masharti haya ni udhia. Sasa apige hesabu. Ploti ile ina mita za mraba 707, yaani asilimia 7 ya hekta, kwa hiyo kila mti anaouandika kwenye fomu unasimama badala ya miti 14 katika hekta nzima. Akiingiza mti mmoja wa mpakani usiostahili katika kila ploti, msitu wa hekta 10,000 utaonekana una miti 140,000 ambayo haiko popote duniani. Kosa la unene lina balaa zaidi, kwa kuwa eneo la shina hukua kwa mraba wa kipenyo: shina la sentimita 40 likisomwa 44, kosa la asilimia 10 limeshakuwa asilimia 21. Halafu mtu mwingine, aliye ofisini na hajawahi kuuona msitu huo, atazichukua namba hizo na kuamua magogo mangapi yavunwe mwaka huu.

Kwa wanyama hesabu ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba wao wanatembea. Kwenye sensa ya anga, ndege huruka kwa mistari iliyonyooka na waangalizi wawili hutazama nje, kila mmoja upande wake, wakihesabu tu wale wanaoonekana kati ya vijiti viwili vilivyofungwa kwenye nguzo za bawa. Tuseme ukanda wa kila upande una upana wa mita 150 na mstari mmoja uko kilomita 5 kutoka mwingine. Hapo umetazama asilimia 6 ya eneo, na kila tembo uliyemwona anasimama badala ya tembo 16 au 17. Ndiyo maana idadi ya tembo haiandikwi peke yake. Huandamana na kiwango cha makosa, ambacho magazeti hukikata ili kichwa cha habari kitoshe. Kwa sensa za namna hii ndipo ilipojulikana kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Asiyejua namba hiyo inapatikanaje hawezi kuitetea, wala hawezi kuipinga.

Siku hizi utepe wa kupimia umepata kazi nyingine. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ikiungua hutoa tani 3.67 za hewa ya ukaa. Kwa msingi huo Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wanalipwa kwa kuuacha msitu wao usimame, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimegharimia huduma za jamii kwa fedha za aina hiyo. Mikataba ya hewa ya ukaa haiandikiki bila vipimo vya miti vinavyoaminika. Kwa hiyo kijana anayeruka vipindi vya takwimu kwa kuwa yeye "ni mtu wa porini" anaruka sehemu ya kozi inayotafutwa zaidi nje ya chuo.

Kupima bila kujua kitu kinapungua kwa nini, hata hivyo, kunaweza kumpoteza mtu vibaya. Chukua Ruaha Mkuu. Mto huo uliokuwa ukipitisha maji mwaka mzima ulianza mwaka 1993 kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko wakarundikana kwenye madimbwi yaliyobaki. Kwa mhifadhi aliyezoea kutazama wanyama, mshukiwa wa karibu alikuwa mfugaji na ng'ombe wake huko juu, kwenye bonde la Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi wakaondolewa. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, na Ruaha ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini kwa wakati huo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Mto ukaendelea kukauka.

Jibu lilikuwa limeshaonekana kwa wataalamu wa maji waliofanya utafiti Usangu kabla ya hapo. Kabla ya kuingia hifadhini, Ruaha Mkuu hupitia kinamasi cha Ihefu, na maji hutoka kwenye kinamasi hicho kwa kuvuka kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Kina cha maji kikishuka chini ya mwamba, mto unakatika, hata kama kinamasi chenyewe bado kina majani mabichi na ndege wamejaa. Kinachoamua kina hicho wakati wa kiangazi ni mambo mawili: maji yanayoingia kutoka mito ya juu, na yanayopotea kwa jua. Jua halidhibitiki. Maji ya kuingia yalikuwa yakichepushwa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kiangazi pia, mengi yakitandaa kwenye majaruba bila tija kubwa. Ng'ombe angeweza kuondolewa mpaka wa mwisho na mwamba wa Ng'iriama ukabaki mkavu. Mimi huona kisa hiki kingepaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa wanyamapori mwaka wa kwanza, kabla hajafundishwa kumkamata mtu yeyote. Wokovu wa kiboko wa Ruaha uko kwenye lango la mfereji huko Mbarali, bondeni Usangu, na anayetaka kumsaidia lazima ajue mpunga unakunywa maji kiasi gani na lini.

Tukija kwa watu, hapo ndipo shahada hii hufundishwa kwa ulegevu, ingawa ndipo kazi ilipo. Sheria zenyewe zina jambo ambalo wanavijiji hulielewa haraka kuliko wahitimu. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kikausimamia na kubaki na mapato yake. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, popote anapokanyaga. Maana yake mwanakijiji yuleyule, kwenye shamba lilelile, anaweza kuwa na haki juu ya mti na asiwe na haki yoyote juu ya tembo aliyetoka nyuma ya mti huo kuja kumaliza mahindi. Akiharibiwa mazao anaomba kifuta jasho. Akiuawa, familia yake inaomba kifuta machozi. Serikali yenyewe haiviiti fidia.

Ukitaka kuona tofauti hiyo inazaa nini, nenda Kilwa. Huko kuna vijiji vilivyotenga misitu yao ya asili, vikasaidiwa kuipima, vikapanga kiasi cha kuvuna, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC kinachothibitisha uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo wao unauzwa kwa bei waliyokubaliana wao, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua fedha ziende wapi. Anayekata usiku anakamatwa na kamati ya maliasili ya kijiji, watu wanaojua nani ana msumeno. Ofisa misitu wa hapo hahitaji bunduki kama anavyohitaji subira ya kukaa mkutanoni tangu saa nne asubuhi hadi jioni, amsikilize mwenyekiti, akina mama wa kuni na vijana wa mkaa, na mwisho aeleze mavuno yanayoruhusiwa kwa namna ambayo mzee aliyeishia darasa la nne ataweza kumweleza jirani yake.

Vijana wengine wanachotaka hasa ni porini: doria, gwanda, kulala kwenye hema. Hao nawaambia waziwazi kwamba shahada si njia yao ya kwanza. Pasiansi, Mwanza, wanafundisha askari wa wanyamapori. Olmotonyi, Arusha, misitu. Tabora kuna chuo cha nyuki. Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, wanafundisha askari wa vijiji. Cheti au diploma huchukua muda mfupi, gharama zake ni nafuu, na mwenye diploma nzuri anaweza kurudi kusoma shahada akiwa ameshajua porini pana nini. Mwenye shahada hupangiwa kazi za kupanga, kukagua, kuandika ripoti na kujibu barua. Wapo waliokatishwa tamaa na meza hiyo kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema.

Kuhusu ajira nisidanganye: wahitimu ni wengi kuliko nafasi za serikali. TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori), TFS (misitu), Mamlaka ya Ngorongoro na halmashauri huajiri kwa mafungu, na matangazo yanaweza kupishana kwa muda mrefu. Taasisi za uhifadhi sasa ziko kwenye mfumo wa jeshi usu, kwa hiyo anayepata nafasi huko hupitia mafunzo ya kijeshi, awe amesomea nini. Nje ya serikali kuna mashamba ya miti ya kupandwa nyanda za juu kusini, kampuni za utalii na uwindaji, asali, miradi ya hewa ya ukaa, na kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kwa miradi mikubwa. Wote hao huuliza maswali yanayofanana: unajua kuchora ramani kwa kompyuta? Unaweza kuchambua data ulizokusanya mwenyewe? Unaandika ripoti inayosomeka? Una leseni ya udereva? Hili la mwisho linachekesha hadi pale gari la mradi linaposimama bila dereva na wewe ndiye pekee mwenye digrii.

Kwa hiyo, kijana unayejaza fomu, na wewe mzazi unayelipa ada, msikomee kwenye jina la kozi. Ulizeni mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi na yanafanyika wapi. Ulizeni kama chuo kina msitu wake wa kufundishia, kama SUA ilivyo na Mazumbai huko Usambara Magharibi na mwingine Olmotonyi, au wanafunzi huonyeshwa msitu kwenye slaidi. Ulizeni takwimu inafundishwa semesta ngapi. Mkijibiwa kwa brosha yenye picha ya simba, ulizeni tena. Na kabla ya kutuma maombi, fungueni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huo mthibitishe kuwa kozi imo, pamoja na tahasusi na alama inazodai.