Anwani ya kukodi: namba ambayo simu hupewa kwenye waifai

Simu inayounganishwa na waifai ya stesheneri mjini Mbinga haiwezi kufungua ukurasa wowote kabla haijapata anwani ya IP, ile namba ya mafungu manne kama 192.168.1.23. Mwenye simu haiandiki mahali popote. Ruta ndiyo inayoitoa, na shughuli nzima huisha kabla mteja hajamaliza kuuliza bei ya kutoa kopi.

Utaratibu huo huitwa DHCP. Simu, isiyo na anwani wala isiyojua imwulize nani, hupiga mbiu kwa mtandao mzima: ujumbe hutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, yaani kwa wote. Ndani yake mna namba ya biti 48 inayoitambulisha simu hiyo, ili mjibuji ajue anamjibu nani. Ruta hupendekeza anwani iliyo wazi, simu huiomba rasmi, na ruta huthibitisha. Pamoja na anwani, simu huelezwa njia ya kutokea kwenda intaneti na seva ya kuuliza majina ya tovuti.

Ombi la hatua ya tatu linaonekana la ziada, lakini lina sababu. Mtandao mmoja unaweza kuwa na watoaji wawili wa anwani, kwa hiyo simu hutangaza hadharani imemkubali nani ili mwingine arudishe namba yake akibani. Hapo ndipo pana mtego: mtu akichomeka ruta ya pili bila kuizima kazi hiyo, nayo huanza kugawa anwani, na baadhi ya kompyuta za ofisi hujikuta zimeelekezwa kusiko na intaneti.

Utaratibu uliotangulia, BOOTP wa mwaka 1985, ulimtaka fundi aorodheshe kila mashine na namba yake. DHCP ilitoka Oktoba 1993, na maelezo yake yanayotumika hadi leo yaliandikwa na Ralph Droms mwaka 1997. Jipya kubwa lilikuwa muda: anwani hukodishwa, kama chumba cha gesti. Nusu ya muda ikipita, kifaa huomba kuongezewa. Kisipojibiwa hadi asilimia 87.5 ya muda huo, humwomba mtoaji yeyote.

Muda huo una uzito Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kuliko inavyodhaniwa. Tuseme waifai ya mgahawa karibu na bandari ina anwani 100 na kila moja hukodishwa kwa saa 24. Abiria wanaosubiri meli ya MV Mbeya II wakizichukua zote, meli huondoka nao, na namba hubaki zimeshikwa hadi kesho yake. Mteja wa jioni anaona alama ya waifai imejaa kwenye kioo cha simu yake, lakini haingii. Dawa ni kupunguza muda uwe saa moja, si kununua ruta nyingine.

Umeme ukikatika huja tatizo jingine. Ruta nyingi za bei nafuu husahau orodha yao zikizimika, ilhali kompyuta iliyo kwenye betri ya akiba, iliyounganishwa kupitia swichi, huendelea na anwani yake. Ruta ikiwaka inaweza kuigawa namba ileile kwa simu. Kifaa makini huuliza kwanza kama namba ina mwenyewe. Kisichouliza hugongana na mwenzake na vyote hukwamakwama. Kompyuta ikikosa mtoaji kabisa, mara nyingi hujipa namba inayoanza na 169.254. Anayeiona asilaumu bando.

Barabarani kutoka Mbinga kushuka ziwani, simu inayotumia data hupewa anwani na mitambo ya kampuni ya simu, si na mnara, ndiyo maana kwa kawaida haibadiliki kila mnara unapobadilika. Mara nyingi anwani ya kutokea nje hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Sababu ni uhaba: anwani za mfumo wa zamani, ule wa mafungu manne, ni takriban bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 3, 2011, huku sehemu ya Afrika ikisimamiwa na AFRINIC iliyoko Mauritius. Mfumo mpya, IPv6, una anwani za biti 128. Humo, kwa kawaida, ruta hutangaza sehemu ya mwanzo tu, na kifaa hujitungia iliyobaki.

Kwa kuwa anwani ya kukodi inaweza kubadilika, printa ya ofisi haifai kuachwa ikihamahama: mwenye ruta aitengee namba yake ya kudumu.