Menejimenti Haiivi kwa Kukariri

Katika shahada ya kwanza ya biashara, somo la misingi ya menejimenti huja mapema, na wanafunzi wengi hulidharau. Halina hesabu za kuumiza kichwa kama uhasibu, na majibu yake yanafanana na busara ya kawaida. Basi hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika wiki inayofuata.

Aliyeweka msingi wa mengi yanayokaririwa humo hakuwa mtu wa darasani. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alikabidhiwa mwaka 1888 kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa inakaribia kufilisika, akaiinua. Mwaka 1916 alichapisha aliyojifunza: kazi tano za meneja, yaani kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti, pamoja na kanuni 14.

Chukua kanuni moja tu: mfanyakazi apokee amri kwa mkuu mmoja. Wahenga walishaonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ila somo linakwenda mbele ya onyo. Tuseme duka la jumla la familia: baba amemkataza mtunza stoo kutoa mzigo kwa mkopo, mwanawe anapiga simu kuamuru utolewe. Deni lisipolipwa, mtunza stoo ndiye anayefukuzwa. Aliyemsoma Fayol ataona kwamba hata akiajiriwa mwingine, hasara itarudi, maana kasoro imo katika mpangilio wa madaraka.

Hata hivyo, Fayol peke yake hatoshi. Henry Mintzberg wa Kanada aliwafuatilia wakurugenzi watendaji watano, kila mmoja kwa wiki moja, na kuchapisha matokeo katika kitabu cha mwaka 1973. Nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa. Siku zao zilijaa simu, wageni, vikao na mambo ya dharura. Muda wa kuketi na kupanga kwa utulivu ulikuwa haba.

Wawili hawa hawapingani kama inavyodhaniwa. Fayol anaeleza kazi ambazo lazima zifanyike. Mintzberg anaonyesha zinafanyika katika vurugu gani. Meneja anayemjua wa kwanza tu hukata tamaa ratiba inapovurugika. Aliyezoea vurugu tu hushinda mbioni, na mwisho wa mwezi hakuna alichokipanga wala kukikagua.

Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo yasiishie kwenye kutoa fotokopi. Mwanafunzi aombe ruhusa ya kumfuatilia msimamizi wake kwa siku kadhaa, aandike nani alikuja, alitaka nini na ilichukua dakika ngapi. Kisha agawe shughuli hizo katika zile kazi tano. Safu itakayobaki tupu, au karibu tupu, ndiyo ya kuanza kuiulizia maswali.