Lavenda roshanini Kakamega: pesa iende wapi?

Anayetaka lavenda mjini Kakamega huanza kwa kuuliza bei ya mche. Nami nilianza hivyo, nikapoteza miche mitatu kabla ya kugundua kwamba mche ni gharama ndogo. Kinachoua lavenda kwetu ni maji. Asili yake ni vilima vikavu kandokando ya Mediterania, na mashamba yake yenye sifa yako Provence, kusini mwa Ufaransa, ambako mvua ya mwaka ni kama theluthi moja ya yetu. Kakamega hupata zaidi ya milimita 1,900 kwa mwaka, nyingi zikinyesha alasiri, na ifikapo Aprili na Mei udongo haupati nafasi ya kukauka. Kwa hiyo kila shilingi unayotoa, jiulize kama inasaidia maji yatoke.

Anza na chombo. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyokwisha kutumika niliinunua shilingi 100. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, lakini kuta zake hazipitishi hewa, na udongo wa katikati hubaki mbichi siku nyingi baada ya mvua. Chungu cha Ilesi, kwenye barabara ya kuelekea Kisumu, kilinigharimu 350. Ukuta wake hufyonza unyevu na kuutoa nje: asubuhi baada ya mvua ukikigusa ni baridi na kimeloa, lakini jioni rangi yake imeshapauka. Wakulima wa maeneo makavu huvilalamikia vyungu vya aina hii kwamba hukausha mimea upesi. Sisi hiyo ndiyo faida tunayoilipia.

Shida ni kwamba vyungu vingi havina tundu. Nilipomwomba mama mfinyanzi anitobolee, alishangaa: “Sasa mwanangu, hiki kitaweka maji gani?” Nikamjibu, “Mama, hiki nataka kimwage.” Akatoboa matundu matatu kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi, nami nikarudi kukichukua baada ya kuchomwa. Agiza hivyo mapema. Chungu kilichokwisha kuchomwa kikitobolewa kwa msumari hupata ufa.

Udongo wetu mwekundu hushikana, tena una asidi, na lavenda haipendi yote mawili. Usinunue mifuko ya udongo mweusi wenye samadi nyingi. Lavenda iliyoshiba hutoa majani mengi laini na maua machache. Changanya udongo na mchanga mkavu wa mto nusu kwa nusu, ongeza kokoto ndogo na kijiko cha chokaa ya shambani. Mchanga kidogo unaobaki kwa fundi wa ujenzi jirani mara nyingi hutolewa bure ukiomba vizuri. Kumbuka uzito pia: chombo cha lita 20 kilicholowa huweza kupita kilo 30, kwa hiyo kiweke karibu na ukuta, si ukingoni, na uweke sahani chini yake maji yasidondokee nguo za jirani wa chini.

Sasa mche. Chunguza ukingo wa jani kabla ya kulipa. Aina yenye majani membamba yaliyonyooka, ile inayosifiwa Ulaya, huhitaji baridi ya kweli ili ichanue vizuri, na baridi hiyo hatuna. Yenye ukingo wa meno kama msumeno huvumilia joto na huchanua kwetu, ingawa harufu yake ni kali kidogo na haifai sana kwa chai. Mimi nililipa 200 kwa mche wa msumeno. Paketi ya mbegu huonekana rahisi, lakini huchukua wiki nyingi kuota, na miche michanga huoza shingo kwenye unyevu wetu. Afadhali mche mmoja. Ukikomaa, kata vipandikizi vya sentimita 10 visivyo na maua, uvichomeke kwenye mchanga. Baada ya wiki nne hadi sita vitakuwa na mizizi, bila kununua tena.

Kama roshani yako inatazama mashariki una bahati, kwani jua letu la uhakika ni la asubuhi. Isipopata saa sita za jua, usichukue lavenda hata ikiwa ya kupewa.

Na kama unaitaka kwa ajili ya mbu, hifadhi pesa yako. Mmea uliosimama tu chunguni haufukuzi mbu. Lala ndani ya chandarua. Kwa harufu ya dawa tunayo mwonyi, mmea wa jamii ya mrehani ambao wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya Msitu wa Kakamega, huukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi chao kilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Mwonyi huvumilia mvua yetu na udongo wetu. Kwa mpangaji mwenye shilingi 200 tu, ningemshauri mwonyi bila kusita.

Mwenye jua na kama 600, achukue chungu cha Ilesi na mche wa msumeno, apande mwanzoni mwa Desemba, mizizi ishike kabla ya mvua ya Machi.