Atafutaye Jericho Asipelekwe Palestina

Juzi niliketi katika kituo kimoja cha intaneti mtaani Umoja, vile vituo ambavyo wakazi huviita saiba, nikisubiri kuchapishiwa barua. Kando yangu alikuwapo msichana aliyevaa sare ya shule, daftari wazi mbele yake. Mwalimu alikuwa amewaagiza waandike historia ya mtaa wanamoishi. Yeye, mkazi wa Jericho, aliandika neno hilo moja tu, akabonyeza. Kioo kikamletea Yoshua, tarumbeta na kuta zilizoporomoka. Kikamletea mji ulioko Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani. Kikamletea hata mchezo wa televisheni wa Marekani. Mtaa wake mwenyewe, ulio mwendo mfupi wa matatu kutoka pale tulipoketi, haukuonekana. Baada ya nusu saa alilipa, akafunga daftari tupu, akaenda zake.

Hakuwa mvivu yule. Hakuwa amefunzwa namna ya kuuliza. Nami najilaumu kwamba nilinyamaza hadi akaondoka. Makala haya ni njia yangu ya kulipa deni hilo.

Mitaa yetu ya Eastlands ina majina yenye wenyewe wengi. Jerusalem ni mji mtakatifu wa dini tatu. Umoja halikauki vinywani mwa wanasiasa. Bahati na Maringo ni maneno ya kamusi. Kaloleni iko Nairobi na iko Kilifi. Burma si soko letu pekee, bali pia ni jina la zamani la nchi ya Asia. Naye aandikaye Mbotela atapokewa na mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, au na James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kabla hajamfikia Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952, ambaye mtaa huo ulipewa jina lake.

Zamani kidogo kazi ya kutenganisha mambo kama haya ilifanywa na binadamu. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti, na orodha yao ikawa saraka ya Yahoo. Ilipangwa mithili ya rafu za maktaba: aliyetaka habari za Kenya alipitia maeneo, kisha nchi, kisha Kenya, akateremka hatua kwa hatua. Aliyechoka kuteremka aliandika neno kisandukuni, na humo alama za kutafutia zilikuwapo tayari. Alama ya kujumlisha ilidai neno lisikosekane. Alama ya kutoa ilifukuza neno lisilotakiwa. Herufi t na nukta mbili zilitafuta katika vichwa vya tovuti. Herufi u na nukta mbili katika anwani. Mwaka 1998 ikazaliwa saraka nyingine, Open Directory, iliyohaririwa na watu wa kujitolea.

Saraka hizo hazipo tena. Ile ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, na Open Directory mwezi Machi 2017. Mitambo kama Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, hujisomea kurasa bila kumngoja mhariri, na miongoni mwa mambo inayopima ni jinsi kurasa nyingine zinavyouelekeza umma kwenye ukurasa fulani. Mtambo haumdharau mtoto wa Eastlands. Unahesabu tu, na katika hesabu hiyo sisi ni wachache. Kazi ya mhariri imemwangukia mwanafunzi, naye hakupewa zana.

Zana zenyewe si ngumu. Mnunuzi aendaye Gikomba hasemi, "Nataka nguo." Husema ni suruali au shati, ya mtoto au ya mtu mzima, ya saizi gani. Ndivyo alama za kutafutia zinavyofanya kazi.

Ya kwanza ni alama za mtajo. Ukiandika "Ofafa Jericho" ndani yake, mtambo hutafuta maneno hayo mawili yakiwa yamefuatana hivyo hivyo, na Yoshua huwekwa kando. Ya pili ni alama ya kutoa, iliyogandana na neno linalofuata: Mbotela -Leonard humwondoa mtangazaji. Ya tatu ni OR, kwa herufi kubwa, yenye maana ya "au": Jericho Nairobi mtaa OR estate hukubali kurasa za Kiswahili na za Kiingereza pia. Mantiki ya maneno haya ya "na", "au" na "si" ni ya kale; George Boole, mwanahisabati Mwingereza, aliieleza kitabuni mwaka 1854.

Ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi. Andika site:ac.ke, bila nafasi baada ya nukta mbili, nawe utabaki na tovuti za vyuo na taasisi za elimu za Kenya. Weka go.ke upate za serikali, au sc.ke upate za shule. Ukiongeza filetype:pdf, utapata ripoti na tasnifu ambazo aghalabu hujificha kurasa za nyuma. Nayo intitle: hutaka neno liwe katika kichwa cha ukurasa. Kwa hiyo anayeichunguza Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, aweza kuandika: Kaloleni Nairobi -Kilifi site:ac.ke filetype:pdf. Mstari mmoja huo unafanya kazi ya rafu nzima.

Hata hivyo, upanga hukata kuwili. Ukiifukuza Kilifi, utaifukuza pia tasnifu nzuri inayoitaja Kilifi mara moja tu. Heri kuanza na alama chache, kisha kuongeza moja moja huku ukitazama kinachopotea.

Yamkini msomaji atauliza: ya nini taabu hii, ilhali siku hizi akili mnemba hujibu swali kwa aya moja safi? Jibu langu ni kwamba aya safi si ushahidi. Mwanafunzi akiambiwa mtaa wake ulijengwa mwaka fulani, ni lazima aweze kuuliza ni nani aliyesema hivyo, kisha aende kwenye chanzo chenyewe. Alama hizi ndizo zinazompeleka huko. Saraka za zamani zilimwonyesha msomaji rafu iliyotoka habari; sasa ni sharti aitafute rafu hiyo mwenyewe.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji kompyuta arubaini. Linahitaji ubao na chaki. Andika swali, kisha darasa lishauriane: neno lipi lina maana mbili? Lipi lisikosekane? Lipi liondolewe? Ni nani angeandika habari hii, na kwa maneno gani? Mwanafunzi wa Kayole au Dandora anayelipia saiba kwa dakika, au anayeazima bando la simu ya mzazi, hana dakika za kupotezea Palestina. Afike kwenye mashine swali lake likiwa limekwisha kunolewa.

Na akifanya yote hayo akakuta patupu, asidhani ameshindwa. Amegundua kwamba hakuna aliyeyaandika. Hapo na aende katika maktaba ya Kaloleni au ya Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931; na aketi na mzee aliyehamia mtaani akiwa kijana, amsikilize na kunukuu. Kisha naye aandike, ili mtoto wa kesho atakapotafuta Jericho yetu, aikute.